Ufunguo wa Kipima Presha

Waswidi hawakupi cheo, wanakupa jukumu. Katika wodi niliyofanya kazi kule Stockholm kila mtu alikuwa "ansvarig" wa kitu fulani, yaani mhusika wake, na mhusika akishatajwa hakuna mwingine anayekigusa hicho kitu. Mmoja alihusika na maua ya dirishani. Mwingine alihusika na mashine ya kahawa, na nafasi hiyo iligombewa kuliko ubunge. Palikuwa na mhusika wa kadi za siku za kuzaliwa, na palikuwa na mhusika wa kuhakikisha kwamba orodha ya wahusika imebandikwa mlangoni. Mimi kwa miaka miwili sikuhusika na chochote. Iliniuma. Nilikuwa nesi kamili, niliyeisomea kazi nyumbani Tanzania, nikaifanya miaka minane, kisha nikaisomea upya huku kwa lugha ambayo wenyewe huisema kama wanaimba, na bado nilipita mbele ya ile orodha kila asubuhi kama mtu wa bure.

Basi siku jina langu lilipobandikwa nililisoma mara tatu, nikaenda msalani, nikarudi, nikalisoma tena. Nilikuwa nimefanywa mhusika wa presha ya kifuko.

Kabla hujacheka, nikueleze. Wodi yetu ilikuwa ndogo, vitanda vinne, na ilipakana na idara ya dharura. Mtu aliyeletwa na ambulensi akiwa hawezi kupumua mwenyewe aliingizwa mpira mdomoni hadi ndani ya koo la hewa, akaunganishwa na mashine, akaletwa kwetu. Mwisho wa mpira huo, kule ndani, pana kifuko kinachojazwa hewa kwa bomba la sindano ili kibane vizuri. Hewa ikiwa kidogo, pumzi inavuja na mate yanateremka mapafuni. Ikizidi, kifuko kinaikandamiza nyama ya koo, damu haipiti, na nyama inaanza kufa taratibu. Mgonjwa hawezi kukuambia kwamba anaumia. Amelazwa usingizi, na mdomo wake umejaa mpira.

Kwa nje, karibu na shavu la mgonjwa, huning'inia kiputo cha ukubwa wa tende, kilichounganishwa na kile kifuko cha ndani. Miaka yote, Tanzania na Sweden, sisi watu wa kazi hii tulifanya jambo moja: tulikiminya kiputo kwa vidole viwili, tukatazama dari kama mtu anayechagua parachichi sokoni, tukasema, "Iko sawa." Mimi nilisifika kwa hilo. Nilikuwa na vidole vyenye jina.

Halafu kikaja kipima presha. Kilikuwa na uso wa mviringo kama saa, mshale mmoja, sehemu ya kijani kati ya ishirini na thelathini, sehemu nyekundu baada ya hapo, na tufe la mpira la kuminyia. Siku ya kwanza nilitaka kukiaibisha. Nikaminya kiputo cha mgonjwa kwa vidole vyangu vyenye jina, nikatangaza, "Ishirini na tano." Nikaunganisha kipima presha. Kikasema sabini. Nikaenda kitanda cha pili, nikaminya kwa uangalifu zaidi. Kikasema themanini na tano. Akaja daktari wa usingizi, bwana mkubwa ambaye alikuwa ameingiza mipira makooni mwa watu tangu mimi niko shule ya msingi. Akaminya, akatazama dari, akasema ishirini na tano. Mshale ukaenda tisini. Akakitazama kile kifaa kwa huruma, akasema kipelekwe kwa fundi.

Mimi nilikishika kipima presha kama dini. Nikifikiria wote niliowaminya miaka minane na kuwaambia ndugu zao kwamba wako sawa, nilihisi uso unawaka moto. Kwa hiyo nikawa kero. Kila zamu ilipoanza nilipima, kila mgonjwa alipogeuzwa nilipima, nikaandika, nikawafuata wenzangu hadi jikoni na vikombe vyao mkononi, "Kitanda cha tatu umepima?" Nilivimba kichwa, sikatai. Jumapili moja kanisani watu walinipongeza kwa kupandishwa cheo, nami sikuwasahihisha.

Kosa langu lilianzia hapa. Kipima presha kilikuwa kimoja tu. Wiki ya kwanza nilikikuta dirishani katikati ya vyungu vya maua. Wiki ya pili nilikikuta jikoni, kando ya maziwa. Sasa mimi nimelelewa kikazi na metroni aliyetembea na rundo la funguo kiunoni, ukimsikia anakuja kabla hujamwona. Alifungia kipima joto, alifungia plasta, alifungia sabuni. Kwake kifaa kizima kilichoachwa wazi ni kifaa kilichokwisha kuondoka. Na alikuwa na haki, kwa sababu pale kwetu kikiondoka hakiletwi kingine. Nilimwogopa mwanamke yule, na nilimpenda, na nilipopata changu cha kutunza nikafanya kama yeye. Nikakiweka kipima presha kwenye kabati langu, nikatia kufuli la shaba nililokuja nalo kutoka nyumbani.

Waswidi hawakusema kitu. Walilitazama lile kufuli, wakatazamana, wakaenda kunywa kahawa. Nilidhani wamekubali. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mswidi akikubali hunyamaza, na akikasirika pia hunyamaza, na ni juu yako kutambua tofauti. Nikitoka kazini nilimwachia ufunguo nesi mwenzangu, bwana mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi, mpole hadi anakera. Aliupokea kwa mikono miwili kama anapokea sakramenti.

Ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja. Kesho yake palikuwa na harusi ukumbi wa Norsborg, bwana harusi Mtanzania, bibi harusi Mkongo, na mimi nilikuwa kwenye kamati ya chakula. Saa za kutoka zilipofika nilikuwa natazama saa tu, kwa sababu msusi wangu wa Tensta alikuwa amesema nikichelewa dakika kumi anampa kiti mwingine. Nilivaa koti, nikakimbilia treni. Ufunguo nikaondoka nao.

Niliuona kesho yake ukumbini. Nilifungua mkoba kutafuta kitambaa cha kufutia jasho, nao ukawa umekaa chini kabisa, juu ya pipi. Nikashtuka. Kisha nikajiambia kwamba wakiuhitaji watapiga simu, nikaufunga mkoba.

Wakati huo tulikuwa na shida nyingine: mshereheshaji hajafika. Watu mia tatu wamekaa, maharusi wako nje kwenye gari wanapigwa na baridi, na bila yeye hakuna aliyethubutu kuanza. Alikuwa Mrundi wa Upplands Väsby, mtu wa makamo, siku za kazi akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala. Lakini Jumamosi alikuwa mali ya umma. Sauti yake iliweza kunyamazisha ukumbi bila kipaza sauti. Warundi walisikia Kirundi chake, Wakongo walisikia Kifaransa chake, sisi Watanzania tulisikia Kiswahili, na kila taifa lilidai ni mtu wao. Alikuwa ametuozeshea watoto, ametuzikia wazazi kwa mbali tukiwa tumekusanyika mbele ya picha. Mtu akikuambia fulani amefunga ndoa Stockholm, swali la kwanza lilikuwa kama ni yeye aliyesherehesha.

Mimi ndiye niliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisema mtu huyu amezoea kutukuzwa, sasa anatufanyia makusudi.

Habari ilifika tulipokuwa tumeshaanza bila yeye, pilau limeshagawiwa. Gari lake lilikuwa limeteleza kwenye theluji ya kwanza, likagonga nguzo. Alikuwa bado hajabadilisha matairi kuweka ya theluji. Amegonga kichwa, amelazwa usingizi, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Hospitali gani? Wakaitaja. Ilikuwa hospitali yetu.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama, sahani mkononi, nikasema, "Msiwe na wasiwasi. Yuko wodini kwangu. Yuko kwenye mikono salama." Watu wakanishika mikono. Mama mmoja akalia begani kwangu. Nami nikawapokea hivyo, mkoba kwapani.

Nilipoketi ndipo pilau likanikwama. Nikatoka kwenye korido, nikapiga simu wodini. Akapokea yule mwenye ndevu.

"Mambo yote ni shwari," akasema. "Yuko imara. Wewe leo uko ledig. Furahia mapumziko yako."

"Na presha ya kifuko?"

Nikamsikia akifunga mlango.

"Nzuri," akasema.

Nilijua. Nisijitie hamnazo, nilijua kabisa kwamba ameminya kwa vidole, kwa sababu kifaa kilikuwa kabatini kwangu na ufunguo ulikuwa unanigusa mbavu. Neno moja lilitosha: umepima na nini? Sikuliuliza. Niliona aibu. Mimi niliyewafuata watu hadi jikoni na vikombe vyao, niseme nimeondoka na ufunguo kwa ajili ya nywele? Naye hakuniambia kwamba hawana kifaa, kwa sababu huku mtu akiwa mapumzikoni hasumbuliwi, hata nyumba iwe inaungua anaandikiwa barua aikute Jumatatu. Kuvunja kufuli la mwenzako hakufikiriki. Kuazima kipima presha cha wodi ya jirani kulifikiriwa, nilielezwa baadaye, ila mhusika wake naye alikuwa mapumzikoni. Kwa hiyo mimi na yule bwana tulitakiana jioni njema, kwa heshima zote, na Mrundi wangu akaendelea kulala na kifuko kooni mwake.

Jumapili nayo sikwenda. Niliiambia nafsi yangu kwamba kesho si mbali.

Jumatatu asubuhi nilifika kabla ya zamu, koti sijavua, nikafungua kabati, kufuli likaanguka nikaliacha sakafuni. Alikuwa kitanda cha pili. Uso umevimba upande mmoja, ndevu zimemwota kidogo, mdomo umefungwa kwa plasta kuzunguka mpira. Nikaunganisha kipima presha. Mshale ukapita kijani, ukapita nyekundu yote, ukaegemea kile kipini cha mwisho ambapo hapana namba tena. Nikatoa hewa. Nikatoa. Nikatoa. Uliposhuka kwenye kijani nilikaa kwenye kiti cha ndugu wa wagonjwa, nikalia na koti langu mwilini.

Mchana madaktari waliridhika na kichwa chake, wakamwamsha, wakauchomoa mpira. Akakohoa sana. Akamwona mke wake, akafungua mdomo kumsalimu. Ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena, shingo ikatoka mishipa, na tukasikia kitu kama karatasi inayokunjwa. Mke wake akacheka kwa furaha, akasema atapona tu, ni ukavu. Mimi nikaenda kupanga glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siku zikapita na sauti haikuja. Daktari wa koo alisema huenda ni kifuko, huenda ni mpira wenyewe, huenda ni ajali, haiwezekani kujua, na huenda itarudi. Nilimsikiliza kwa adabu. Yeye hakuuona mshale.

Nikaandika ripoti ya hitilafu mwenyewe. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba mimi, mhusika, nilikifungia kifaa kabatini, nikaondoka na ufunguo, nikakumbuka, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye tukaitiwa kikao. Kulikuwa na mishumaa mezani, kwa kuwa majira ya mishumaa ya kabla ya Krismasi yalikuwa yamefika, na kulikuwa na mikate ya mdalasini. Mkuu wa wodi, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza watoto, akanishukuru kwa uwazi wangu. Akasema hapa hatutafuti nani, tunatafuta kwa nini. Akachora visanduku ubaoni na mishale inayotoka kisanduku hiki kwenda kile. Jina langu halikuwa kwenye kisanduku chochote. Mwishowe ikaandikwa kwamba "kifaa hakikupatikana kwa muda", utadhani kilikuwa kimekwenda likizo Visiwa vya Kanari. Mmoja akapendekeza ateuliwe mhusika wa ufunguo.

Nikanyoosha mkono. "Ni mimi," nikasema. "Nimemharibia mtu koo lake. Semeni basi."

Wakanitazama kwa upole wa kutisha. Mkuu wa wodi akauliza kama ningependa kuzungumza na mtaalamu wa msongo wa mawazo. Mwenye ndevu akanisogezea mkate wa pili, macho yake mekundu, na nikaelewa kwamba naye alikuwa anasubiri kugombezwa na hakuna wa kumgombeza. Metroni wangu angenipayukia koridoni hadi waliomo chumba cha upasuaji wasikie. Angenitaja mimi, mama yangu na shule niliyosoma. Kisha jioni angeniita tule wali. Nilimkumbuka sana. Nilitaka mtu mmoja aniambie nilichokifanya, kwa sauti, usoni.

Mwenye haki ya kufanya hivyo alikuwa mmoja. Jumamosi iliyofuata nikapanda treni kwenda Upplands Väsby, nikamkuta Mrundi wangu jikoni kwake na shali shingoni. Mke wake akatutilia chai. Nikaweka ufunguo mezani, nikamwambia yote: nywele, mkoba, pilau, simu, mshale. Mke wake aliacha kukoroga chai. Yeye alisikiliza hadi mwisho bila kunitolea macho, akauchukua ufunguo, akaugeuzageuza. Kisha akaniinamia, ikabidi nami niiname ndipo nimsikie.

"Dada, ningekugombeza," akanong'ona. "Lakini na sauti ipi?"

Akanirudishia ufunguo.

"Ngoja irudi," akanong'ona.

Nikangoja. Wodini nililitoa lile kufuli, nikakitundika kipima presha kwa kamba kwenye ukuta kati ya vitanda, mahali ambapo hata kipofu angekipapasa. Baadaye vikaja vingine, kila kitanda na chake. Hakikuibwa hata kimoja. Daktari mkubwa wa usingizi aliendelea kutazama dari, ila sasa akimaliza alinigeukia na kusema, "Haya, pima." Harusi nazo ziliendelea, na mshereheshaji mpya aliyesoma majina kwenye karatasi na kuyakosea. Mrundi wangu alikaa meza za katikati kama mgeni yeyote, watu wakimpigia kelele za salamu naye akiwajibu kwa mkono. Tukipishana kwenye foleni ya chakula alinisogelea sikioni.

"Bado," alinong'ona.

"Nasubiri, mzee," nilijibu.

Ilikuwa Aprili, theluji imebaki vichuguu vyeusi kando ya barabara, simu yangu ilipolia nikiwa natoka kazini. Sikuitambua sauti. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama kiti kinachokokotwa sakafuni.

"Njoo," ilisema.

Nilikwenda hivyo hivyo, na viatu vya kazi. Mke wake alinifungulia mlango, akaenda kuzima redio. Yeye alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa koti la suti, lile la harusi.

"Kaa," akasema. Nikakaa.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" akaanza. "Hein? Kitu cha kuokoa watu unakifungia kama sukari! Unaogopa nani atakula? Watu wamekupa kazi, wamekuamini kabisa, wewe unakimbilia kusuka! Bon, kusahau ni kwa binadamu. Mimi mwenyewe matairi nilisahau. Lakini uliuona! Umekaa kwa harusi, unakula pilau, ufunguo unauona, unanyamaza! Unaambia watu mikono salama! Mimi niko kule nimelala, siwezi hata..."

Ikakatika. Mdomo uliendelea, mkono uliendelea kunyooshea kidole, lakini hapakutoka kitu. Mke wake akamsogezea glasi ya maji. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nalia kama sijawahi kulia, na nitasema kweli, nilikuwa na furaha kuliko siku ile jina langu lilipobandikwa mlangoni. Akanywa. Akafumba macho. Tukangoja sote watatu, saa ya ukutani ikigonga.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza, kwa kile kilichorudi.

"Kwenye pilau, mzee."

"Enhe," akasema. "Pilau." Akaendelea.

Ilikatika mara nne. Kila mara nilimkumbusha alipofikia.